Sifa Zilizompandisha Mwenzangu Cheo Niliziandika Mimi

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na kabla ya msaada naomba siri. Neno hata moja la barua hii lisimfikie mtu mpaka mimi mwenyewe nikuruhusu, kwa sababu yaliyomo yanaweza kunifukuzisha kazi mimi, yakamwaibisha mzee wa watu aliyebakiza miezi minane kustaafu, na yakamnyang'anya cheo baba wa mtoto mchanga ambaye hajanikosea kitu. Nimeiandika mara tatu. Mbili nimezichana.

Mimi ni karani katika chumba cha mafaili ya wagonjwa, kwenye hospitali kubwa, na huu ni mwaka wangu wa nne. Tuko watano. Mgonjwa akifika hutoa kadi yake dirishani, nasi tunalitafuta faili lake kwenye rafu ili daktari ajue alitibiwa nini mara ya mwisho. Nilipoanza kazi, faili moja liliweza kuchukua saa nzima kupatikana, na mengine hayakupatikana kabisa, mgonjwa akafunguliwa faili jipya kana kwamba amezaliwa siku hiyo. Kwa miezi saba, kila Jumamosi ambayo si ya zamu yangu, niliyapanga upya yote kwa tarakimu mbili za mwisho za namba ya kadi, na kila kundi nikalipa rangi yake kwenye mgongo wa faili. Siku hizi faili hutoka kabla mgonjwa hajakaa vizuri kwenye benchi. Nayasema haya kwa shida, maana nimelelewa kwamba mtu hajisifu. Mama mdogo, ninayeishi kwake, husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na mimi nimeishi kwa maneno hayo tangu shuleni.

Mkuu wa chumba chetu tunamwita Mzee Saini, si kwa ubaya, ila yeye hutia saini kila karatasi inayopita mbele yake na kuandika hapendi, mkono wake unatetemeka kidogo. Mwaka jana zilipokuja fomu za tathmini, zile ambazo mkuu hueleza utendaji wa kila mtumishi wake, aliniita, akafunga mlango, akaniambia kwamba mimi nina mwandiko na nina lugha, basi nimjazie, yeye atatia saini. Nikamuuliza, Mzee, hata yangu? Akasema kwani wewe si mtumishi?

Nikazijaza. Za wenzangu watatu hazikunisumbua. Ya nne ilikuwa ya mwenzetu tunayemwita Shemeji, kwa kuwa ukimtajia tu kwamba una dada, yeye ameshaposa. Shemeji ni mtu wa watu, dirishani huwatuliza wagonjwa wenye hasira mpaka wakacheka, lakini fomu ilikuwa na kisanduku kinachouliza mtumishi ameleta maboresho gani, na Shemeji hakuwa ameboresha kitu isipokuwa hali ya hewa ya chumba. Kukiacha kitupu niliona ni kumchongea. Basi nikakijaza kwa kazi yangu. Niliandika hivi, nakumbuka mpaka mkato: "Amebuni na kutekeleza mpangilio mpya wa mafaili, ambao umeokoa muda wa wagonjwa na wa madaktari." Nilipofika kwenye fomu yangu sikuweza kuandika jambo lile lile mara ya pili, na zaidi ya hapo niliona haya kujisifu kwa kalamu yangu mwenyewe, nikaandika: "Ni mtulivu, anashirikiana na wenzake, bado anajifunza." Nilidhani fomu zile hufungiwa kabatini tu. Nilidhani Mzee, ambaye anajua vizuri nani alifanya nini, angesoma walau ile yangu kabla ya kutia saini.

Mwezi uliopita tuliitwa ukumbini. Nafasi ya msimamizi msaidizi wa chumba chetu ilikuwa wazi, na kila mtu, hata wafagiaji, alikuwa ameshaanza kunipongeza kwa macho. Mkurugenzi, mama mmoja mkali asiyepoteza neno, alisimama na karatasi yake, akasema amechaguliwa mtu ambaye amebuni na kutekeleza mpangilio mpya wa mafaili, ambao, na kabla hajaendelea midomo yangu ilikuwa imeshaimaliza sentensi, kwa sababu ilikuwa yangu. Kisha akalitaja jina la Shemeji. Nilisikia makofi, nikatazama chini, nikaona mikono yangu nayo inapiga.

Shemeji mwenyewe aliduwaa kuliko mimi. Alinikuta kwenye korido, akanivuta pembeni.

"Dada, hivi mimi nilipanga mafaili lini?"

Akasema labda wakubwa wamemchanganya na mtu, lakini mtoto wake ana wiki tatu na riziki haiulizwi imepitia mlango gani. Hajui nani aliandika. Anadhani ni Mzee Saini, na amemnunulia shati. Nyumbani nimemwambia mama mdogo kwamba uteuzi umeahirishwa, naye kila jioni huniuliza umeahirishwa mpaka lini.

Nikajiambia basi, cheo kimekwenda, niombe walau nyongeza ya mshahara, kwa kuwa kazi naifanya mimi. Nilijizoeza maneno mbele ya kioo siku nne. Siku ya tano niliingia kwa Mzee, nikayasema yote bila kupumua. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha. Alifungua kabati, akatoa fomu yangu, akavaa miwani, na kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe nikamwona akisoma.

"Binti yangu, nyongeza hufuata tathmini. Hapa panasema bado unajifunza."

"Mzee, lakini hiyo niliandika..."

"Ina saini ya nani?"

Nikasema ni yako. Akasema haya basi, akairudisha kabatini na kuniuliza kama mvua imekatika. Mpaka leo sijui kama alikuwa amesahau au alikumbuka.

Ningeyanyamazia hata hayo. Lakini wiki hii mkurugenzi amemwagiza Shemeji awaeleze wakuu wa idara nyingine jinsi alivyoyapanga mafaili ili nao waige, tarehe ishirini na nane, mbele ya watu wote. Shemeji akaja mezani kwangu na daftari jipya na kalamu mbili, akavuta kiti, akaniambia kwa heshima zote: "Hebu nieleze, nilifanyaje?" Nami nikamweleza. Nusu saa nzima nilimweleza msimamizi wangu alichokifanya, naye akaandika, na maswali mazuri akauliza. Na jana Mzee Saini ameniwekea mezani fomu za mwaka huu, tano, akasema kama kawaida, zirudi tarehe thelathini. Ya juu kabisa ni ya Shemeji. Ya chini kabisa ni yangu.

Nifanye nini? Nikisema ukweli nitakuwa nimekiri kwamba mimi, karani, niliandika uongo kwenye karatasi za ofisi. Nikijisifu safari hii kwa jina la Mzee nitakuwa nimedanganya tena, hata kama kila neno ni kweli. Nikinyamaza nitastaafu nikiwa bado najifunza. Na kuna jambo la nne ambalo naona aibu kulitaja: leo asubuhi niliishika kalamu juu ya fomu ya Shemeji, nikaona jinsi ilivyo rahisi, maneno mawili tu, na yeye angeshuka. Nikaiweka kalamu chini, nikaenda kunawa mikono.

Ukitaka kunijibu, tafadhali usipige simu ya ofisi, iko mezani kwa Mzee na yeye hurudia kwa sauti kila anachoambiwa. Tumia namba niliyoiandika ndani ya bahasha, pale kwenye mkunjo. Ni ya mama mdogo. Piga kati ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili jioni, kabla ya hapo sijafika na baada ya hapo wageni wake wamejaa. Usiseme ni gazeti. Sema ni fundi cherehani na kwamba kuna kipimo kimoja umekisahau, atanipa simu mara moja. Ujumbe wa maandishi usitume, anausoma kila mtu mwenye macho. Na ukisikia nakujibu kwa ufupi, ujue nasikilizwa. Endelea tu kusema, nitakuwa nasikia.

Karani mwenye hofu

JIBU

Binti, nilipiga simu, nikawa fundi cherehani, tukazungumza. Kwa ruhusa yako, na baada ya kuzibadilisha lakabu zote na kuigeuza aina ya ofisi, nachapisha barua yako pamoja na niliyokuambia, maana hamko wachache. Ukali nimeuongeza kidogo, kwa sababu kwenye simu ulikuwa unalia na mimi nikalegea.

Miaka kumi na tisa nimekaa kwenye kiti hiki. Nimesoma barua za walioporwa waume, viwanja na mirathi. Sijawahi kusoma ya mtu aliyejipora mwenyewe, akamfungashia mwenzake, kisha akapiga makofi. Nimeisoma nikiwa nimesimama.

Pole. Hilo nalisema mara moja, tuendelee.

Wewe jambo hilo unaliita kuona haya. Kwenye fomu ya kazi linaitwa uongo, na uliusema mara mbili katika siku moja: ulimpa Shemeji asichofanya, ukajinyima ulichofanya. Yule mama mkali alitimiza wajibu wake. Alisoma alichopewa, akamchagua aliyestahili kwa mujibu wa karatasi. Usimkasirikie. Na methali ya mama mdogo wako ni ya kweli, lakini ni ya sokoni, ambako kizuri kinakaa mezani watu wakione. Wewe kizuri chako ulikiweka kwenye meza ya jirani. Kingejiuzaje?

Sasa Mzee Saini. Unajiuliza kama alisahau au alikumbuka. Mtu aliyesahau hakuulizi saini ni ya nani. Alikumbuka, binti, na pale mlipokaa yeye ndiye aliyekuwa na hofu kubwa zaidi. Ndiyo maana nakukataza kumtisha. Najua umeshawahi kuliwaza, kwamba unaijua siri yake. Mwoga akitishwa hufanya la kipumbavu, na aliye karibu naye ni wewe. Kesho asubuhi, kabla dirisha halijafunguliwa, mrudishie fomu zote tano bila kuzijaza, kwa mikono miwili. Mwambie huwezi kuzijaza tena, kwamba za mwaka jana ulizikosea, na kwamba kosa lako utalipeleka kwa mkurugenzi wewe mwenyewe. Lako, si lake. Akikuuliza utasema nini juu yake, mwambie utajibu utakachoulizwa, na kwamba ingekuwa heri yeye atangulie. Kisha toka. Usikae kumbembeleza.

Shemeji umwambie kabla ya tarehe ishirini na nane. Kumwacha asimame mbele ya wakuu wa idara na daftari lake, akaulizwa swali ambalo hamkulifikia katika nusu saa yenu, ni ukatili, hata kama wewe utauita ukimya. Mtu anayeuliza alipanga mafaili lini ana dhamiri, ila ana mtoto pia. Mpe nafasi ya kuitumia hiyo dhamiri mapema. Ajitolee yeye kusema, mbele ya wakuu hao, kwamba mpangilio ni wako na wewe ndiwe utakayeueleza. Nawe uende ukaueleze, hata sauti ikitetemeka; wataangalia rangi za mafaili, hawataangalia magoti yako. Cheo chake usikiombe na usikidai. Kazi ile inahitaji pia mtu wa kutuliza watu, na hilo analiweza. Huenda akabaki nacho, huenda asibaki. Kuamua si kazi yako. Ulishaamua mara moja, na tumeona.

Kuhusu kalamu uliyoishika juu ya fomu yake, sikusifu kwa kuiweka chini. Hicho ndicho kiwango cha chini kabisa cha uungwana. Lakini umekiri bila kuulizwa, na mtu wa namna hiyo naweza kumtuma kwa mkurugenzi bila wasiwasi.

Kwa mkurugenzi nenda na rasimu ya mpangilio yenye mwandiko wako, na mwombe aangalie lile daftari la mlinzi wa lango ulilonitajia kwenye simu, ambamo kila Jumamosi ya ile miezi saba uliandika muda wa kuingia na wa kutoka. Sema ulichofanya kwa sentensi tatu, unyamaze. Yeye hapotezi maneno, nawe usimpotezee. Jitayarishe kwa barua ya onyo. Ikija, isome yote kwanza, ndipo utie saini. Angalau mmoja katika chumba hicho aanze desturi hiyo. Kufukuzwa sidhani, ila siwezi kukuapia, mimi si mwajiri wako. Ninachoweza kukuambia ni kwamba hospitali iliyotaka idara zote ziige kazi yako haina haraka ya kumpoteza anayeijua.

Na siku hiyo usithubutu kuomba nyongeza. Kukiri na kuomba haviendi katika bahasha moja. Cha pili hukifanya cha kwanza kinuke. Subiri wiki mbili. Mama mdogo umweleze ukweli wakati huo unaposubiri, ili akuache upumue. Ndipo uandike barua yako, ukurasa mmoja. Usimtaje Shemeji. Usitaje kwamba ulikosa cheo, wala maisha yalivyopanda, kila mtu yamempandia. Eleza faili lilikuwa likichukua muda gani, sasa linachukua muda gani, na nani alifanya nini kati ya hapo na hapo. Jina lako liwe kwenye sentensi ya kwanza, si kwenye saini tu.

Kisha taja kiasi unachotaka, kwa tarakimu na kwa maneno. Usije ukaandika "kiasi chochote mtakachoona kinafaa." Sasa nakujua: watakupa hicho hicho, nawe utawashukuru.