Mchele Mpya wa Mkutano wa Walimu

Dada Paskalina,

Barua zako zote nilikusomea mimi, na majibu yote niliyaandika mimi, wewe umesimama nyuma yangu unauliza, "Umeandika hivyo hivyo nilivyosema?" Leo nakuandikia wewe, na sijui nani atakusomea. Basi nimefunga mlango, naandika huku nasoma kwa sauti. Majirani wakisikia watasema Mama Saidi ameanza kuchanganyikiwa. Waache waseme.

Mkutano wa walimu wa mwaka huu umekwisha. Nimeupikia peke yangu.

Ulitutoka katikati ya masika, mto umefurika, njia ya Malinyi haipitiki. Tukakuzika sisi wa Ifakara, pamoja na watu wachache wa Katindiuka waliokanyaga maji hadi magotini ili wafike. Nilisimama pale makaburini nikiangalia nani hayupo. Miaka yote ile walimu wa bonde zima wamekula kutoka mkononi mwako, na siku ya kukuzika hakuna hata mmoja wa mbali aliyekuja. Nilijua ni maji, dada. Na bado nilikasirika. Niliwakasirikia miezi yote hii.

Mwalimu mkuu wa shule yetu ni mpya, alikuja baada ya wewe kuondoka. Akaniita, akaniambia mkutano utakuwa baada ya mavuno, je, nitaweza, au atafute mpishi Morogoro? Nikamjibu nitaweza. Moyoni nilikuwa nimeshaamua: nitapika huu mmoja ili jina lako lisichafuke, kisha nairudishia shule masufuria yake na walimu wake.

Nilipanga kama ulivyonizoesha. Mwalimu mkuu alinipa karatasi ya majina, akashangaa nilipomuuliza kila mmoja anatoka wapi na anakuja kwa njia gani. Alidhani nataka umbea. Wewe hukuuliza wako wangapi kamwe. Uliuliza wametembea siku ngapi. Mtu wa Masagati siku ya kwanza mpakulie kama watu wawili, ya pili mpunguzie, ya tatu atakula kama sisi. Wa Katindiuka wanalala kwao, jioni wape chai tu, wake zao wasije wakatununia. Ijumaa ninyi Wakatoliki hamli nyama, basi mkutano mzima unakula samaki, perege, na hakuna anayejiona mgeni. Togwa ikorogwe juzi yake, isiingie siku ya tatu, la sivyo itachacha na walimu watasinzia mbele ya mkaguzi. Yote niliyakumbuka. Hata ng'ombe nilimwita mzee wa msikitini aje kumchinja, kama ulivyokuwa ukinihimiza wewe, Mkristo, kabla mimi mwenyewe sijakumbuka.

Nilichosahau ni mchele.

Wazazi wa wanafunzi walileta mchele wa zawadi, mweupe, unanukia jiko zima. Ulikuwa mpunga wa mavuno yale yale, haujakaa hata wiki tatu. Nikapima kama tulivyokuwa tukipima mchele wa mwaka jana, nikatia maji kama ya mchele wa mwaka jana. Wali ulikuwa kazi yako siku zote, mimi nilikuwa mtu wa nyama na mboga. Ulikuwa ukichota punje kiganjani, unaziuma, unaniuliza, "Mchele wa lini huu?" Mimi nikikucheka, nikikwambia mchele ni mchele tu. Dada, nisamehe kile kicheko.

Alasiri walimu walianza kuingia. Wa Malinyi walitangulia, halafu wa mlimani, viatu wamevining'iniza shingoni, miguu myekundu kwa vumbi. Kila aliyetua mzigo alikuja mlangoni mwa jiko kuniuliza, "Dada hajambo?" Nami nikajibu, "Hajambo." Wote niliwajibu hivyo. Sijui kwa nini. Kidogo ilikuwa hasira, kwamba kama walitaka habari zako wangekuja kuzichukua masika. Lakini zaidi nilitamani iwe kweli. Kila nilipotamka hajambo, kwa dakika moja ulikuwa umetoka tu kwenda kuchota maji.

Jua lilipokuwa linazama nikafunua sufuria la kwanza. Bokoboko. La pili, bokoboko. Na haukuwa umevimba, Dada. Mchele mpya unataka maji machache na hauvimbi, ulikaa pale chini, umeshikana, hautoshi hata nusu ya wale watu. Walimu wameshapanga mstari, sahani mkononi, wa Masagati mbele kwa njaa. Nikashika upawa, nikauacha sufuriani. Nikakaa chini pale pale kwenye majivu nikalia mbele yao wote.

Mwalimu Damiani wa Masagati, yule mwenye mvi uliyezoea kumfichia ukoko, aliinama akaniuliza taratibu, "Mama Saidi, Dada yuko wapi?"

Nikasema, "Tulimzika masika."

Kisha wanaume wale, walimu wa watu, wakaanza kulia kama mimi. Mwalimu Damiani akavua kofia. Akasema, "Hatukupata habari. Maji yalipopungua tulikuja tukijua tunamkuta." Halafu akageukia mstari: "Jamani, hapa tuko msibani. Msibani hatuulizi chakula kimekuwaje."

Wakatandika mikeka chini. Meza zilizopangwa kwa heshima ya mkaguzi wakaziacha zilivyo. Wali wakautia kwenye sinia, watu sita sita, wakala kwa mkono, na kila sinia lilisukumwa kwa wengine kabla halijaisha. Wa Masagati waliotembea siku zote zile walikuwa wa kwanza kunawa. Mkaguzi, Mzungu wa watu, alikaa mkekani naye, hajui kinachoendelea, akala. Waislamu wakakuombea, Wakatoliki wakakusalia rozari, na mkutano wa kupanga masomo ukawa matanga yako. Ndugu zangu hawa nilikuwa nimewafanya adui bure.

Asubuhi nilisonga ugali mwingi wakashiba. Ijumaa perege walitoka vizuri, ungewasifu, japo kwa shida. Jumamosi mwalimu mkuu alikuja kuniuliza kama masufuria yarudi stoo. Nikamwambia yabaki kwangu.

Lakini sikufichi. Jiko ni kubwa mno, Dada. Nageuka nikuambie chumvi imezidi, naona ukuta. Natamani hata kununa kwako. Natamani unifokee mbele za watu halafu baadaye unisogezee kikombe cha chai bila kuomba radhi, kama kawaida yako. Nimewalisha watu wengi wiki hii na mimi mwenyewe sijasikia ladha ya kitu.

Pumzika, mwana wa Mahenge. Nakuahidi: kila mwaka walimu watakapokuja watanikuta, na kila mchele nitaung'ata kwanza. Atakayeuliza habari zako nitamwambia ukweli mlangoni, kabla hajatua mzigo. Hayo nayaweza. Ila usiniambie nizoee. Hilo sikuahidi.

Mdogo wako,
Rehema, Mama Saidi
Ifakara