Wewe Itikia Amina

Mjukuu wangu Eliamani,

Pokea salamu za Nkoaranga. Sisi wazima, ila upepo umeangusha migomba. Unakula vizuri huko?

Umeniuliza ufanye nini maombi yakikataa kutoka mdomoni. Zamani za Mwingereza, mama yako akiwa mchanga, homa ilimshika sana. Nilimpakata tu, hata moto jikoni ukazimika. Jirani yangu, Mama Elibariki, hakuona moshi kwangu, akaniletea kaa la moto kwenye gome la mgomba.

“Umeomba?”

“Nimeshindwa, mwenzangu.”

“Basi leo naomba mimi. Wewe itikia amina.”

Nikaitikia huku nalia. Sikuwa na sala nyingine, na mtoto akapona.

Kila alfajiri nikiwasha moto ninakuombea, mjukuu wangu. Ukiamka, itikia.

Bibi yako