Habari ya Kabatini

Kwako dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi baada ya kimya. Natumai mgongo umepoa na shemeji ameacha kukoroma, ingawa hilo la pili sina imani nalo. Mimi ni mzima, wa mwili tu.

Najua umenikasirikia. Juzi nilipokupigia kukusihi usirudi kazini, ulisema sisi watu wa habari tunamuua mtu asubuhi, mchana anakutwa sokoni ananunua nyanya, ukakata simu. Sikulaumu. Vile vichwa vya "Msiba Mzito" juu ya kuku aliyegongwa na baiskeli ni mimi ninayeviandika. Bila watu kubofya, hatuli.

Lakini leo nisome mpaka mwisho, maana kwenye simu nilikuficha nililipata wapi onyo lile.

Unajua nilivyosota kabla ya kazi hii. Huku walitaka uzoefu wa miaka mitano kwa mshahara wa mwanagenzi, kule walitaka nijitolee "kwa moyo" bila hata nauli. Nilipoajiriwa ulipiga vigelegele hadi jirani akadhani nimeposwa. Mhariri alinipokea kwa kusema pale sote ni familia moja. Kumbe maana yake ni kwamba hakuna kwenda nyumbani.

Kazi yangu ni habari za kabatini, yaani zile zinazoandikwa kabla jambo halijatokea, ili likitokea tuwe wa kwanza. Fainali naiandika mara mbili, tumeshinda na tumefungwa. Watu mashuhuri nawaandikia tanzia wangali hai. Kuna mwimbaji mmoja nimeshamlilia vizuri sana, na Jumamosi alikuwa akitumbuiza harusini. Tulikuwa tunacheka.

Wiki iliyopita alikuja mhandisi mmoja, mtu mpole, na picha za jengo lenu la kazini. Nguzo za kule chini kwenye maegesho zina nyufa za kuingiza kiganja. Alieleza kuwa ghorofa za juu ziliongezwa bila nguzo kuimarishwa, kwamba mwenye jengo kila siku anampiga chenga, na kwamba amekuja kwetu ili watu wajue. Mhariri alimshukuru, akamnywesha chai, akamsindikiza mpaka mlangoni. Aliporudi alisema mwenye jengo ndiye tegemeo letu la matangazo, na usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Picha zikafungiwa.

Kisha akaniita, akaniagiza niandike ya kabatini: jengo limeporomoka saa za kazi, watu wakiwa ndani. Nilimkumbusha kwamba dada yangu yumo humo, ghorofa ya pili, anapokea simu za wateja. Akasema basi nitaiandika kwa hisia.

Dada, niliiandika. Niliogopa kurudi mtaani, nikaiandika, tena kwa ufundi wangu wote. Nimeweka vumbi, nimeweka viatu vilivyotapakaa barabarani, nimeweka na ndugu wanaolia nyuma ya utepe. Imekamilika, isipokuwa pale pa idadi ya waliokufa, ambapo nimepaacha wazi. Naona aibu hata kukuandikia haya.

Najua msimamizi wako humfukuza anayekosa siku moja, na najua ulivyoitafuta kazi hiyo. Ndiyo maana nimeiba picha moja na kuitia humu. Wakigundua watanifukuza, na wafukuze. Waonyeshe wenzako wote, wala usiwaonyeshee humo ndani. Wasubiri nje, langoni, kabla hawajaingia.

Shemeji amepitia hapa ofisini kuichukua barua hii, kwani mimi sijaruhusiwa kutoka. Nimemwomba akukabidhi kabla hujavaa viatu.

Wabusu watoto, na umwambie mama mkwe nimepokea salamu zake. Kesho nitakuwa mezani pangu, nikisubiri unipigie na kunitukana utakavyo. Nitukane, dada, nisikie sauti yako. Mhariri ameshapanga zamu, na wa kujaza pale palipo wazi ni mimi.

Ndimi mdogo wako akupendaye,
Mziwanda