Samaki mu Historia ya Masomo Yetu

Nchelenge, siku ya ine

Na tena direktere akakata neno samaki mu maandiko yangu! Direktere wetu mupya aliniomba niandike namna masomo ya sanaa ya iniversite yetu ilianza, ipate kutundikwa ku mulango siku ya feti, sikukuu ya iniversite. Niliandika ukweli: tulianzia mu kibanda ya Mama Chanda, mwenye alikuwa anakausha samaki na moshi. Hatukukuwa na rangi. Tulikwangua masizi ku tanuru zake, masizi yenye mafuta ya samaki, tukachanganya na uji ya mihogo, njo tukachora.

"Papa Kasongo," akaniambia, "iniversite haiwezi kuanzia mu harufu ya samaki. Andika atelie, chumba ya wachoraji."

Atelie! Na Mama Chanda, mwenye alituachia kibanda bure mupaka kufa kwake? Nikikufa na miye, nani atamutaja?

Mangaribi nilimupelekea direktere picha yetu ya kwanza kabisa, sura ya Mama Chanda. Niliiweka chini mu biro yake ya kazi. Tulipokuwa tungali tunabishana, paka ya mulinzi ikaingia, ikanusa, ikaanza kulamba shavu ya mama, macho imefumba.

Direktere akaangalia paka, akaniangalia miye. Akacheka mupaka machozi.

"Bon, Papa. Rudisha samaki. Na mama mwenyewe."

Shavu imefutika kidogo. Direktere anataka niitengeneze mbele feti ifike. Sitaigusa. Mama Chanda alifukuza mapaka na fagio maisha yake yote, na leo paka njo imemurudishia jina.