Mimba Niliyoisikia Nikiwa Kericho

Mpendwa Bi Hafsa, shikamoo. Naomba msaada wako na naomba uharaka, kwa sababu Ijumaa ya mwisho wa mwezi huu nasomewa dua ya mimba ambayo sina.

Mimi ni mama wa watoto wawili, tunakaa Usagara hapa Tanga, mume wangu ana duka la vipuri, na likizo ya Juni alitimiza ahadi yake ya siku nyingi ya kututembeza Kenya kwa gari letu wenyewe, na sisi hatujawahi kuvuka mpaka wa Horohoro isipokuwa kwa harusi na misiba, kwa hiyo watoto walifurahi mpaka wakashindwa kula. Sasa mume wangu ana shangazi yake Vanga, Bi Mwanamisi, ndiye aliyemlea, na siku moja kabla ya safari akampigia mwenyewe akamwambia, "Shangazi, kesho tunapita," nami nikamtazama tu, maana kwetu ukishasema unapita, ndugu anachinja. Tulipofika Lunga Lunga, pale pa kukata kulia kwenda Vanga, akanyoosha, nikamwambia, "Baba Sabiha, kwa Shangazi ni hapa," akasema tukiingia tutalala na vyumba vya Voi ameshavilipia, tutaingia wakati wa kurudi, nikanyamaza, kwa sababu na mimi, Bi Hafsa, nilitaka kufika.

Safari ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Tulipoona mkonge karibu na Voi mwanangu Mselem akasema kumbe tumezunguka tumerudi Tanga, halafu ukaja ule mteremko wa Bonde la Ufa, mume wangu akasimamisha gari tushuke tutazame, na Naivasha tukapanda boti kuangalia viboko, kisha nikakodi baiskeli nikaendesha katikati ya pundamilia, buibui nimelifunga kiunoni, Sabiha akanipiga picha nikaiweka status. Tukaenda hadi Kericho, tumesimama kando ya mashamba ya chai, kijani kitupu mpaka jicho linachoka, simu ikalia, ni Shangazi.

"Mkaza mwanangu, hongera, Mungu aikuze. Lakini hiyo baiskeli hapana. Mimba changa haipandishwi baiskeli."

Nikamuuliza mimba gani. Akacheka. "Usinifiche mie, mumeo keshaniambia."

Kumbe ile siku ya Voi, Shangazi alipompigia kumuuliza mbona pilau inapoa na majirani wako mkekani, yule bwana alimjibu kwamba mimi ni mjamzito, harufu ya chakula inanitapisha, nimeona haya kuja kutapika mbele ya watu wake. Nilipombana akasema niitikie tu, tukishafika nyumbani tutasema imetoka. Na wakati wa kurudi tulipita Lunga Lunga tena, na hakukata tena.

Bi Hafsa, kabla ya Mselem mimba yangu moja ilitoka kweli. Shangazi ndiye aliyekuja kutoka Vanga akanikanda kwa maji ya moto, akafua nguo ambazo mama yangu mwenyewe hakuweza kuzitazama. Neno hilo la imetoka siwezi kulitamka kwa mwanamke yule. Na sasa ameshamwambia mama mkwe, ameniletea kwa kondakta wa basi kapu la ndimu na udongo wa kula, nami nikasema ahsante, na kabla ya hiyo dua anavuka mpaka kuja kukaa nami mpaka nijifungue. Nikisema kweli namwaibisha mume wangu mbele ya ukoo wake, nikinyamaza tumbo litanisema, maana halikui. Nifanyeje?

Mama Sabiha, Usagara

Mama Sabiha, marahaba. Nimekuonea huruma, na nimecheka pia, unisamehe.

Naanza na wewe kwa sababu ndiwe uliyeandika. Kapu ulilipokea la nini? Ndimu sawa, ndimu kila mtu anatumia. Lakini udongo ukiusemea ahsante, umeikubali mimba. Na njia ya Vanga uliiona ikipita dirishani, ukanyamaza kwa sababu ulikuwa unaitaka Naivasha. Kuitaka Naivasha sikulaumu hata kidogo, na baiskeli ulistahili. Kunyamaza ndiko kulikokuponza.

Mumeo sasa. Mtu mzima na duka lake anaogopa kumwambia shangazi yake "tumechelewa," anaona rahisi kumtengenezea mjukuu. Angeomba radhi siku ile ile, akarudi na pakiti za majani ya chai, angesemwa kidogo yakaisha. Njia ya mwongo ni fupi, na yeye ameipita Lunga Lunga mara mbili asijifunze kitu.

Hilo la kusema imetoka umelikataa, na uendelee kulikataa. Wako wanawake wanaosoma ukurasa huu wanaoliogopa neno hilo mpaka leo. Halitumiki kufunikia sufuria ya pilau.

Unaogopa kumwaibisha. Basi aseme mwenyewe, na asiseme mbele ya ukoo, aseme Vanga, kwa aliyemdanganya. Mwonyeshe barua hii leo. Jumamosi hii afunge duka, aende peke yake, asikuchukue wewe wala watoto wa kujikingia. Kwa simu hapana, simu ndiyo iliyomfikisha hapa. Amwambie Shangazi: uongo ni wangu, mke wangu hakujua. Akisemwa asijitetee. Akiwekewa chakula ale, akiambiwa alale, alale. Kwa mama mkwe wako Shangazi mwenyewe atajua namna ya kulifikisha, wazee wana lugha yao. Na dua msiivunje. Watu waje, mshukuru mmerudi salama, na mumwombee yule mtoto wenu aliyetangulia.

Ikifika Jumamosi jioni na gari bado liko Usagara, mpigie wewe Shangazi kabla hajafunga mzigo wa kuja kwako. Usimtukane mumeo, wala usianze habari za vyumba vya Voi. Mwambie hivi tu: "Shangazi, sina mimba. Ningekuwa nayo, ungeisikia kwangu mimi, kabla hata yeye hajaisikia."