Kombe la Walioachwa

Jumatatu, 9 Juni
Mazoezi asubuhi. Kisha somo la udongo, kisha kufua jezi. Maji ya bomba yalikatika katikati, nikamalizia ziwani. Glavu zangu zimepasuka tena kwenye kidole gumba. Nimezishona. Koch hakuja, eti ana kikao. Tulikimbia wenyewe, Riziki, mshambuliaji wetu, mbele kama kawaida.
Kesho kamati inataja timu za vyuo zitakazokwenda kushindana Lubumbashi. Zinakwenda mbili. Sisi tumemaliza wa pili mkoani. Sina wasiwasi.

Jumanne, 10 Juni
Hawakutuchukua. Wamechukua wasichana wa Manono, waliomaliza nyuma yetu. Tuliwafunga kwao, tukawafunga hapa. Kamati inasema wao wanavuta watu zaidi. Siku hizi mpira ndio huo.
Sisi tumepewa Kombe la Ziwa, dhidi ya Kongolo, Jumamosi ya wiki ijayo. Wenzangu wengine walicheka waliposikia. Kicheko kibaya.

Jumatano, 11 Juni
Nimepita nyumbani. Papa haelewi kwa nini nimenuna. Kwake Kombe la Ziwa bado ni kitu kikubwa. Alipokuwa kazini kwenye reli, anasema, treni ya Kongolo iliingia imejaa washabiki mpaka juu ya paa. Biro za serikali zilifungwa. Watu wa bandari waliacha mizigo. Mshindi alitembezwa mji mzima. Baada ya mechi ile hapakuwa na mechi nyingine, mwaka umekwisha.
Ndiyo, Papa. Lakini sasa kuna Lubumbashi. Redio iko kule, watu wa klabu wanaotafuta wachezaji wako kule. Huku wanatupwa walioachwa.
Sikumwambia hivyo. Alisema, "Mimi nitakuja. Nitakaa nyuma ya goli lako." Nikafurahi kama mtoto.

Ijumaa, 13 Juni
Koch ameondoka. Manono wamemwita awasaidie Lubumbashi, naye amekwenda. Ametuachia ujumbe kwenye simu: "Mungu awabariki, mabinti zangu." Mabinti zake! Hata mkono wa kwaheri hakutupa.

Jumapili, 15 Juni
Riziki hachezi.
Tunalala chumba kimoja mwaka wa tatu huu. Nilijua ana neno tangu asubuhi, akalitoa tukitoka misa.
"Furaha, Jumamosi sichezi."
"Uko mugonjwa?"
"Hapana. Niko muzima, na nataka kubaki muzima. Klabu ya Lubumbashi inataka kunijaribu mwezi ujao. Wakinivunja muguu kwa hii mechi, nani atanichukua? Mama yuko chini ya turubai kule kwa kambi ya wakimbizi, Katanika. Nitamupelekea nini, kombe?"
"Utamuambia haukuacha wenzako."
"Wenzangu hawatamujengea nyumba."
Ana haki. Hicho njo kinachoniuma. Angekuwa mwongo ningemchukia vizuri.

Jumanne, 17 Juni
Riziki alipokataa, wengine wakapata mdomo. Mmoja ana mtihani. Mmoja tumbo. Mmoja hakusumbuka hata kutafuta sababu. Mimi ndiye kapiteni, nimepita chumba kwa chumba kubembeleza watu. Nimeona haya. Tumefika kumi na moja kwa sababu msichana mmoja wa mpira wa kikapu amekubali. Ameuliza kama anaruhusiwa kusukuma.

Ijumaa, 20 Juni
Kongolo wamefika. Treni ilikufa njiani, wamelala ndani yake. Kapiteni wao ni dada mrefu mwenye mtoto mgongoni. Aliangalia kundi letu, akahesabu kwa macho.
"Kwenu pia walikataa?"
"Walikataa."
"Basi sisi njo wajinga waliobaki."
Tulicheka sana. Nilikuwa sijacheka wiki nzima.

Jumamosi, 21 Juni
Tumeshinda. Niandike hilo kwanza, maana hakuna mwingine atakayeliandika.
Watu wachache kwenye kivuli cha ukuta, mbuzi kwenye kona. Nyuma ya goli langu hapakuwa na mtu. Niligeuka mara nyingi.
Riziki alikuja, amevaa nguo za kanisa. Mapumziko alituletea maji. Wengine walikunywa. Mimi nilipokea kikombe, nikamwaga chini mbele yake. Alikichukua kikombe, akakijaza, akaenda kumpa mwingine.
Hakuna aliyefunga. Penalti. Ya mwisho ilipigwa na yule kapiteni mrefu, nikaizuia kwa mguu. Alikuja kunikumbatia kabla ya wenzangu. Mkubwa wa kamati hakuonekana. Kombe tulikabidhiwa na dereva wake, injini ya gari inaunguruma.
Nikalipeleka nyumbani, nimelifunga kwa kitenge. Papa alikuwa uani na majirani, wamezunguka redio. Lubumbashi. Aliponiona aliinua mkono, ningoje. Nikangoja, nimesimama na kombe, mpaka mpira ukatoka nje.
"Manono wanaongoza," akaniambia.
Nimeliweka jikoni, karibu na makaa.

Jumapili, 22 Juni
Papa anasema alidhani mechi yetu ni jioni. Anadanganya. Sikubisha. Mama alipika kuku, hakuna aliyesema kwa nini. Nilikula.

Jumatano, 25 Juni
Manono wametolewa. Nilingoja nifurahi. Wapi.
Riziki na mimi tunasalimiana tu. Usiku kila mtu anageukia ukuta wake.

Alhamisi, 3 Julai
Riziki amepanda treni leo. Sikuwa nimepanga kwenda, nikaenda. Nilimbebea begi mpaka mlangoni. Alisema, "Asante, Furaha." Nikasema, "Ufike vizuri." Basi. Hatukuombana msamaha.
Mama yake alikuwa ametoka Katanika kwa miguu kuja kumuaga. Ni mdogo kuliko nilivyodhani, na anatembea haraka. Treni ilipoondoka nilimsindikiza. Njiani akauliza, bila kuniangalia:
"Wewe unamujua uwanjani. Miye sijamuonaka hata siku moja. Anachezaka vizuri?"
"Vizuri sana, Mama. Hapa hakuna wa kumuzuia."
Aliitikia kwa kichwa polepole. Akaniomba nimweleze anavyokimbia. Nikamweleza mpaka tukafika.