Habari ya Ukurasa wa Tatu

Jumatatu, 3 Machi
Yamefunguliwa! Magazeti yetu ya miaka thelathini, yote mtandaoni, bure. Kurasa nimeziskani mwenyewe miezi kumi na moja mpaka mgongo umegoma. Zamani aliyetaka gazeti la kale alikuja kwenye chumba changu cha kumbukumbu, akasaini, akala vumbi. Kwa wiki watu watatu. Leo mpaka saa nane mchana – elfu nne! Nimevimba kichwa. Acha nivimbe.

Alhamisi, 6 Machi
Dada kapiga simu. Kaona picha ya marehemu baba na timu yake ya mpira. Alilia. Nami nikalia, kazini, mbele za watu.

Ijumaa, 14 Machi
Kaja mama mmoja, muuguzi mstaafu. Kanga imepigwa pasi, mkoba kaupakata. Akauliza kama mimi ndiye wa magazeti ya zamani, akanipa simu yake nisome. Ukurasa wa tatu, miaka ishirini na mbili iliyopita: muuguzi ashtakiwa, mtoto afa kwa sindano. Jina lake kamili. Ukilitafuta mtandaoni, hiyo ndiyo inatangulia.
Mke wa mwanawe kaiona. Wiki nzima hajamletea mjukuu. Eti mtoto ana mafua.
“Mafua gani hayo, mwanangu, hata kwenye simu nisimsikie?”
Mahakama ilimwachia huru, anasema. Chupa ya dawa ilibandikwa lebo isiyo yake kabla haijafika wodini. Mbona hiyo hatukuiandika?
Nikasema nitafuatilia. Sikumwambia kwamba jina la mwandishi lililo juu ya habari ile ni langu. La kabla sijaolewa.

Jumatatu, 17 Machi
Nimepekua faili zote. Hukumu hatukuiandika kabisa. Nikakumbuka – asubuhi ile nilitumwa kwenye uzinduzi wa waziri. Nikasema mahakamani nitapita kesho. Sikupita. Hakuna aliyedanganya. Nilisahau tu, na gazeti likafungiwa maandazi, nikaona yameisha.
Mhariri hataki kufuta. Tukifuta ya huyu, anasema, kesho vigogo watapanga foleni na zao. Nikabisha, lakini moyoni najua ana haki – kigogo mmoja ameshatuandikia tumfutie. Kakubali tuweke maelezo juu kabisa ya habari ile, mradi hukumu tuwe nayo mkononi na mwandishi wa habari ile aweke jina lake.
“Kwani yuko hai?”
Nikasema yuko hai. Akanitazama, akaelewa. Afadhali angefoka.

Jumatano, 19 Machi
Masijala ya mahakama. Karani kapanda ngazi mara nne, kashuka na faili. Hukumu, kurasa tisa. Nimesimama ukumbini nikaisoma yote. Hakimu alimsifu kwa kumkeshea mtoto yule. Amemsifu! Na sisi siku hiyo ukurasa wa tatu tuliweka waziri anakata utepe.

Alhamisi, 20 Machi
Maelezo nimeandika. Mistari sita, nimeifuta mara kumi. Nikamwita yule mama aisome kabla haijatoka. Kaja mapema kuliko saa niliyompa.
Kasoma taratibu, miwani puani. Akasema ni kweli, ndivyo ilivyokuwa. Kisha kafika chini, kwenye jina. Hilo la zamani.
“Huyu namkumbuka. Binti mwembamba, alikaa benchi la mbele. Siku ya hukumu nilimtafuta kwa macho, mwanangu. Nilitaka aandike na hiyo.” Akaweka kidole chini ya jina. “Bado yupo?”
Nikasema ngoja nikuletee maji.
Sasa niko hapa koridoni, bilauri nimeiweka dirishani, naandika kama mwizi. Kupitia kioo cha mlango namwona: kidole chake kiko palepale, chini ya jina langu. Maji yamejaa. Sina tena cha kufanya huku nje.